Kibao cha Zamu

Giza lilikuwa halijaondoka niliposikia ufagio ukikwaruza kwenye ngazi za jengo letu. Tangu mume wangu aajiriwe chuo kikuu hapa Tübingen, bibi mmoja mzee ndiye aliyekuwa akitufagilia, nami asubuhi hiyo nikamfungulia mlango nikiwa na kipande cha keki ya mahindi ya kwetu Brazili.

"Chukua, bibi. Ila ile kona ya chini usiisahau tena."

Akashika kiuno, akacheka.

"Unadhani nimeajiriwa, mwanangu? Mimi ni Hägele, jirani yako wa juu. Humu jengoni kila familia hufagia wiki yake, kisha hutundika kibao cha zamu kwenye mlango unaofuata. Sasa kibao kimepotea, nami ngazi chafu siziwezi."

Kibao kile cha mbao, chenye kamba nyekundu na maua, nilikikuta kwenye kitasa cha mlango wetu juma tulilohamia. Wakati huo maandishi yake ya Kijerumani yalinishinda, nikadhani ni zawadi ya kutukaribisha.

"Pole, bibi," nikasema, huku nikiusukuma mlango wa jikoni nyuma yangu polepole kwa kisigino, ufungike.

Binti yangu akachungulia chini ya kwapa langu.

"Bibi, kibao kiko jikoni kwetu."