Aliyelegea

Sikitu alimtua mgongoni binti yake Tunu, wa miaka tisa, kiuno kikimuuma kama kimevunjika. Daktari alisubiri wakae.

"Mama, ndani ya kila seli kuna vinu vya nguvu. Humo protini hupokezana chembe za umeme, kama vibarua wanavyopokezana karai za zege. Kwa Tunu, mmoja amelegea. Kazi inakwama na seli zinakufa."

"Basi mfukuzeni huyo mvivu," Tunu alisema kwa sauti ndogo.

"Si mvivu, mwanangu. Ana njaa." Daktari akatoa vidonge vya manjano. "Tutamlisha hivi. Huwasaidia wachache, mama, na tutangoja miezi. Siwezi kukuahidi."

Sikitu aliitikia tu. Hata kulia kunataka nguvu. Tunu akameza kidonge cha kwanza.

Nje, mbele ya ngazi, Sikitu akainama kama siku zote, akausubiri uzito ule. Haukuja.

"Ngoja, mama," Tunu alisema, ameegemea ukuta. "Nijaribu ngazi moja tu."

Sikitu akabaki ameinama. Nyuma yake, ndala zilianza kuburuzika polepole sakafuni.