Barakoa ya Nyundo

"Huyu ni nani?" aliuliza askari kanzu, kidole kikiwa juu ya uso wa Nyundo.

Motke Feinsod aliinua kalamu, wino usije ukadondokea karatasi. Mezani pake yalikuwa yametandazwa majarida manne ya katuni, yote ya mwaka ule wa 1939, yote ya shujaa wake. Katika la kwanza Nyundo alivaa kofia na koti, akiua majambazi kwa bastola. Katika la pili mhariri alikwisha kumnyang'anya bastola, maana akina mama walilalamika. La tatu akapata joho, la nne akavaa glavu. Kilichobaki vilevile ni uso, na kovu lililokata unyusi wa kushoto.

"Si mtu, afande. Nimemtoa kichwani."

"Kichwa chako kina kumbukumbu. Kovu halijahama hata mara moja." Askari huyo, jitu la Kiayalandi liitwalo Cullinane, aliinama. "Na hizi glavu? Ana mikono iliyoungua?"

Glavu alizichora kwa sababu mikono ile yenye makovu ya moto ilimshinda kuichora.

Gelb, mhariri, alijipenyeza katikati yao. "Afande, kama kuna malalamiko, tutamfuta leo hii."

"Hakuna malalamiko. Kituoni hawajui kama niko hapa. Hili ni langu na yeye." Cullinane alikunja jarida moja, akalitia mfukoni. "Nitarudi Ijumaa. Fikiri vizuri, bwana mchoraji."

Alipotoka, Gelb alifunga mlango. "Motke, ndugu yangu, umemchora nani?"

"Mpangaji wa dada yangu."

Mpangaji huyo, Prusak, alikuwa mbeba makaa. Alitoroka melini bandarini New York miaka mitano nyuma, hana karatasi hata moja. Kwao ni Warsaw, na wiki hiyo Warsaw ilikuwa ikipigwa mabomu. Kumrudisha huko kungekuwa kumchimbia kaburi.

Jioni Motke alimkuta jikoni kwa dada yake, anakunywa supu ya kabichi.

"Ulimfanya nini yule Muayalandi?"

"Yupi?"

"Askari. Anakutafuta. Anajua kovu lako, anajua na mikono."

Prusak aliweka kijiko chini. "Sijawahi kugombana na mtu mji huu. Mimi nikimwona polisi navuka barabara."

"Basi yeye hajakusahau."

Supu hakuimaliza. Alifunga nguo zake kwa kamba, akambusu dada mtu mkono, akashika mlango.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Motke.

"Usipojua, hawatakutoa neno."

Kesho yake Motke alimvisha Nyundo barakoa nyeusi, kutoka kwenye paji la uso hadi puani. Gelb alipouona ukurasa aliuinua kwenye mwanga.

"Kila mtoto mtaani atataka kuwa huyu," alisema. "Mbona hukufikiria hili mapema?"

Ijumaa Cullinane alirudi, peke yake. Motke alimsogezea ukurasa kabla hajauliza.

"Ndivyo alivyo sasa, afande. Hana uso."

"Na mwenye uso?"

"Ameondoka. Sijui aliko, na hata ningejua nisingekwambia. Kama ni kunipiga, nipige."

Cullinane aliitazama barakoa. Kisha akaketi kwenye kigoda.

"Binti yangu ndiye aliyemtambua, kwenye gazeti lako," alisema. "Nyumba ilipotuungulia, mtu huyo alimshusha binti huyo kutoka ghorofa ya nne, akatokomea kabla sijafika. Krismasi mbili sasa, mama yake anamwekea mtu huyo sahani mezani."