Risasi ya Kumtosha Nyati

"Hii itakuvunja bega," alisema muuza bunduki, akaiweka risasi juu ya kaunta. Ilikuwa nene, ndefu, na ilitua kwa kishindo.

Daktari wa meno aliiinua, akailinganisha ncha yake na ncha ya kidole chake kidogo, kisha akaguna kwa kuridhika.

"Nataka hii."

Muuza bunduki alishusha pumzi. Alikuwa mtu mzima mwenye mashavu ya kuning'inia, na hakuna kilichomkera kama mwanamume anayenunua risasi kwa kupima kidole.

"Daktari, umewahi kuwinda nini?"

"Panya. Jikoni. Akanitoroka."

Na huyu ndiye aliyepania kuangusha nyati! Lakini angefanyaje? Alikuwa amempenda binti wa Jemedari, na mji mzima ulijua masharti ya Jemedari: hamwozeshi binti yake kwa mwanamume ambaye hajamwangusha nyati, kama yeye mwenyewe alivyomwangusha wake. Kila mgeni aliyeingia sebuleni kwake alionyeshwa kichwa cha nyati ukutani, na ganda la risasi lililosimamishwa kwenye kibao chini yake, halafu akamwagiwa hadithi nzima, atake asitake. Wachumba wawili walikwisha kusalimu amri. Daktari alikuwa amepewa mpaka Jumapili.

"Leo Ijumaa," muuza bunduki alimkumbusha. "Kwenye nyati ni safari ya siku mbili, kwenda tu."

"Nitawahi."

"Basi nisikilize, nisije nikalia msibani kwako. Risasi ndogo inamkasirisha tu nyati. Ya kati inamtosha, ukimpiga penyewe. Hii kubwa inamtosha na chenji inabaki, ila asiyezoea akiifyatua, bunduki inambwaga chali, na nyati anamkuta ameshalala. Chukua ya kati."

"Ya kati si inaacha tundu dogo?"

"Tundu dogo linaua!"

"Na kingo za tundu zinakuwaje? Laini, au zinachanika?"

Muuza bunduki alimkodolea macho. Wenye majisifu alikuwa amewahudumia miaka nenda miaka rudi, wengi wao wakinunua kofia kabla ya bunduki. Lakini mtu anayetaka nyati afe na tundu la kupendeza, huyo alikuwa wa kwanza. Alimwonea huruma, huruma ya kweli. Akamnyang'anya risasi, akairudisha ndani ya boksi na kulifunga.

"Sikuuzii. Mama yako yuko hai?"

"Yuko."

"Basi nenda kamsalimie."

Daktari hakuondoka. Jasho lilikuwa limemtoka puani. Aligeuka kuutazama mlango, akainama juu ya kaunta mpaka tai yake ikalala kwenye kioo.

"Mzee, kichwa ninacho," alinong'ona. "Nimekinunua kwa fundi anayekausha vichwa vya wanyama. Tundu nimelitoboa mwenyewe, kwa mashine ya kliniki. Mimi shida yangu ni ganda la kuendana nalo."

Uso wa muuza bunduki ulikunjuka wote.

"Si ungesema tangu mwanzo!" Aliivuta droo ya chini, iliyojaa maganda matupu mpaka juu, akachakura humo, akatoa moja na kulifuta kwa shati lake. "Shika hili, limetoka mfuko mmoja na lile nililomuuzia Jemedari."