Bakuli Juu ya Mche

To. To. To. Bomba la jikoni lilikuwa likidondoka gizani, na Theodora, kabla hata hajafumbua macho, akajua kwamba baridi bado ipo. Lewisville nzima, mji huo wa ugenini, ilikuwa imelala na mabomba yakichuruzika kidogo, yasije yakapasuka kwa barafu. Mwezi wa tatu huo, na bado!

Akajifunga kitenge juu ya koti, akavaa ndala na soksi, akafungua mlango wa kibarazani. Upepo wa kaskazini ukamzaba kibao. Akapiga magoti, akaondoa galoni ya maji iliyowekwa juu kama uzito, akainua ukingo wa bakuli, akachungulia.

Mche ulikuwa hai. Majani manne, yote yamesimama.

"Umeamkaje, mwanangu?" akaunong'oneza.

Alikuwa ameanza na miche sita ya nyanya. Miwili iliungua kwa baridi jioni moja alipochelewa darasani. Miwili upepo uliivunja shingo. Mmoja mumewe, Leonce, aliumwagia kahawa, akadai alitaka kuupasha moto. Ukabaki huu, ndani ya kopo fupi. Mama yake kule nyumbani Ilula alicheka kwenye simu mpaka akakohoa: "Nyanya huku zinajiotea jalalani, wewe unazivisha kofia?"

Theodora alicheka naye. Lakini moyoni alikuwa amejiwekea neno, na neno hilo alimwambia Glory peke yake, binti yake wa miaka mitano, walipokuwa wakimwagilia: huu ukishika, na sisi tutashika. Masomo ya jioni, kazi, maisha haya yote.

Kofia yenyewe ilikuwa bakuli la Kwamboka, muuguzi wa Kisii aliyepanga nyumba ya pili yake. Wiki tatu nyuma, Glory alipokuwa na homa, Kwamboka alilileta limejaa ndengu na chapati. Bakuli la bluu, zito, lenye kina. Upepo haukuliweza.

Siku hiyo wakakutana kwenye masanduku ya barua.

"Mama Glory! Hiyo bakuli yangu imeomba uraia huko kwako, ama?"

"Nisamehe, dada. Jumamosi nikipika vitumbua nakuletea."

"Jumamosi ya mwaka gani? Si ulete tu hivyo hivyo."

"Hapana! Bakuli la mtu halirudi tupu," Theodora akasema, akacheka zaidi ya ilivyohitajika. Glory, aliyekuwa akining'inia kwenye kidole chake, aliwatazama kwa zamu. Mtu anamwambiaje jirani kwamba chombo chake cha mezani kinalala nje sakafuni, kichwa chini, na galoni mgongoni?

Kesho yake usiku, aliporudi kutoka darasani, hakuvua hata mkoba. Akaenda moja kwa moja kibarazani.

Bakuli halikuwepo. Mche haukuwepo. Galoni ya maji ilikuwa imesimama wima kando ya ukuta.

"Leonce! Nani kaingia humu?"

"Nani aingie, na mimi niko hapa?" Leonce akajibu kutoka kwenye kochi. Shavu lake lilikuwa na mistari ya mto. "Labda upepo."

"Upepo ubebe kopo la udongo, uache galoni?"

"Basi muulize mwenye bakuli."

Alisema kwa utani, lakini neno lilimwingia Theodora kama mwiba. Vibaraza vyao vilitenganishwa na uzio wa mbao usiofika kiunoni. Kwamboka kachungulia. Kaona bakuli lake limefanywa kofia. Kakasirika, kalichukua. Hapo alikuwa na haki. Lakini mche?

Asubuhi, akimpeleka Glory kusubiri basi la shule, alipita makusudi mbele ya dirisha la jikoni la Kwamboka. Ule pale! Uko ndani, kwenye joto, umeegemezwa kijiti na kufungwa bendeji nyembamba kwa fundo safi la kihospitali. Majani yalikuwa matano.

Hilo la tano ndilo lililomchoma.

Akabisha. Mlango ukafunguka papo hapo, kana kwamba Kwamboka alikuwa nyuma yake tayari. Alikuwa amelishika bakuli la bluu kwa mikono miwili, limefunikwa kitambaa.

"Ai, Mama Glory! Ndio nilikuwa nakuja hapo kwa—"

"Dada Kwamboka, ngoja niseme nimalize." Maneno alikuwa ameyapanga usiku kucha. "Kosa ni langu, bakuli lako nimekaa nalo. Lakini mtu akidai chombo chake hudai kwa mdomo. Haruki uzio jioni, mwenye nyumba yuko darasani, akabeba hadi kilichokuwa chini yake. Kwetu huo unaitwa wizi. Na ulikuwa mche wangu wa mwisho!"

"Woi! Mimi? Niruke uzio na haya magoti?"

Kwamboka akalitazama bakuli mikononi mwake. Harufu ya maandazi ya moto ilikuwa ikipenya kwenye kitambaa. Akamtazama Theodora. Kisha, taratibu, akashusha macho hadi kwa Glory.

Glory akajibanza nusu nyuma ya kitenge cha mama yake.

"Bakuli la mtu halirudi tupu," akasema.