Mkunjo wa Kushoto

Daktari wa pale Mbale alikata kipande cha utando wa kizazi cha Kadija, akakiweka chini ya hadubini. "Njoo uone mwenyewe, mama. Nyuzi hizi ni neva. Kwenye tabaka hili la juu la utando hazipaswi kuwapo. Ndizo zinazokuliza kila ukiingia mwezini."

"Si utando hutoka na damu?"

"Hutoka. Na neva nazo hurudi. Hapo ndipo nimeshindwa kuelewa."

Kadija akainama. Abishaye na abishe: nyuzi zilikuwa zimesukwa, juu, chini, na kila ncha imekunjwa kushoto. Mtaani kwao Malukhu kote, mkunjo ule ulikuwa wa mtu mmoja: mama mkwe wake, msusi wa kawa za kufunikia chakula, aliyemletea uji uliofunikwa kwa kawa kila mwezi alipougua.

Mlangoni, mama mkwe akaficha vidole ndani ya kanga. "Twende nyumbani, mwanangu. Uji nimeshaufunika."