Mkono wa Baba

Dawa ya kuhifadhi maiti ilikuwa imeanza kuingia mishipani mwa baba yake Tunu pale baba mdogo aliposimama mlangoni mwa chumba cha maiti cha chuo cha udaktari, alikofanya kazi Tunu.

"Tunu, mwanangu, acha. Twende tukamzike kaka yangu."

"Atazikwa wanafunzi wakishamaliza kujifunzia mwili wake. Ndivyo alivyotaka, na wewe ulikuwepo akisema."

"Nilidhani anatania."

Tunu aliendelea na kazi. Ngumi ya marehemu ilikuwa imejifumba, na dawa ikishakolea haingekunjuka tena. Akaanza kuifungua, kidole baada ya kidole. Kidole gumba kikagoma.

Baba mdogo akavua kofia, akasogea.

"Nishike wapi?"

Walipomaliza, mkono ulilala wazi mezani, kama wa mtu anayengoja kusalimiwa.