Mteremko wa Kibumba

"Turudie Goma, Mama." Mtoto wangu Gentil alisimamisha motokari pale juu kabisa, Kibumba. "Betri imefika trente-quatre. Rutshuru hatutafika." Kwenye kioo cha mbele yake niliona 34%.

Ilikuwa safari yetu ya kwanza ya mbali na ile motokari yake ya kuranti, yaani ya umeme, isiyo na moshi wala mlio. Tulitoka Goma asubuhi tukiwa sita, tukapita juu ya mawe meusi ya volkano, na mfuko wa sambaza kavu, dagaa wa ziwani kwetu, magotini mwangu, maana kwa dada yangu mdogo, kule Rutshuru, hawaendi mikono mitupu. Vita ilifunga barabara miaka mitatu. Sasa macho ya dada yalikuwa yanazimika, na nilitaka anione kabla hayajazimika kabisa.

Nje, mwanaume mmoja alifikisha juu chukudu yake, kile kibaiskeli cha mbao cha kusukumia mizigo, shati limelowa mgongoni. Akafuta uso, akapiga goti moja juu ya mbao, ikateremka naye pamoja na mifuko yake ya viazi.

"Unaona ule mutu?" nikasema. "Kupanda kulimumaliza. Sasa anasukuma nini?"

"Mama, hii haiko chukudu."

"Muteremuko ni muteremuko, mutoto wangu. Achilia."

Gentil akasonya, akaachilia breki. Tukasikia upepo tu, na changarawe chini ya magurudumu.

"Trente-cinq!" mjukuu wangu aliyekaa mbele akapiga kelele. "Papa, betri inapanda!"

Magurudumu yalikuwa yanairudishia betri umeme; kona mbili mbele ikawa trente-six. Mkwe wangu akacheka mpaka akafunika mdomo.

Gentil hakunitazama. Alininyooshea simu yake tu.

"Ambia mama mudogo aweke maji ya bugali kwa moto."